Kabla ya Kufungua Tyubu ya Rangi Usiyoizoea

Wachoraji wengi wa mandhari, hasa sisi tunaochora kwa kujifurahisha, tukipata rangi mpya huikimbiza moja kwa moja kwenye anga la picha. Na anga ni sehemu kubwa, tupu, inayoonyesha kila doa. Afadhali uijaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi usichokionea huruma.

Anza kwa kusoma maandishi madogo ya tyubu. Jina kubwa la mbele ni la kibiashara, tafuta msimbo, yaani herufi na namba zinazotaja unga wa rangi uliomo ndani. PB29 ni bluu ya ultramarini, PB15 ni bluu ya fthalo, PW6 ni nyeupe ya titani. Tyubu yenye misimbo mitatu au minne tayari ni mchanganyiko, na ukiichanganya tena na nyinginezo mara nyingi utapata tope. Angalia pia uwezo wake wa kustahimili mwanga. Nyekundu ya alizarini ya zamani, PR83, inapendeza machoni lakini hufifia, na mimi siiweki kwenye picha ya kutundikwa ukutani.

Kisha chora mstari kwa kalamu nyeusi isiyofutika, uuache ukauke, upake rangi juu yake: upande mmoja nzito, upande mwingine iliyozimuliwa. Mstari ukitoweka, rangi hiyo inafunika. Ukionekana, inapitisha mwanga. Andika msimbo pembeni, halafu subiri. Kusubiri huku ndiko kunakorukwa, na ndiko kwenye faida. Rangi ya maji ikikauka hupauka. Akriliki, rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, hukoza zaidi. Gwashi, rangi ya maji nzito inayofunika, ina ukaidi wake: aghalabu rangi nyepesi hukoza na zilizokoza hupauka. Ndiyo maana mlima wa mbali uliouchanganya kwa akriliki ukaridhika nao ukiwa mbichi, ukikauka huonekana umesogea mbele, na ule umbali wote umepotea.

Fthalo ina nguvu mno. Weka nyeupe kwanza, uongeze bluu kidogo kwa ncha ya brashi. Ukianza na bluu utamaliza tyubu nzima ya nyeupe ukitafuta rangi ya anga la asubuhi.

Rangi za mafuta zinahitaji turubai au karatasi iliyopakwa geso, yaani rangi nyeupe ya kutayarishia, kwa sababu mafuta yakiingia kwenye nyuzi tupu huziozesha polepole. Unaweza kupaka rangi ya mafuta juu ya akriliki iliyokauka, lakini usifanye kinyume chake: akriliki haishiki vizuri na hubanduka.

Akriliki hukauka kwa dakika chache, kwa hiyo ndoo ya maji iwe karibu kabla hujaanza. Ikikauka kwenye brashi, brashi imekwisha. Rangi ya mafuta huchukua siku kadhaa, kwani hukauka kwa kuungana na oksijeni, na muungano huo hutoa joto. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani, yanayotumika kwenye rangi hizo, vikifinyangwa pamoja vinaweza kuwaka vyenyewe. Vilowanishe na maji uvifungie kwenye kopo la chuma lenye kifuniko. Ukitumia tapentaini, fungua madirisha. Na kama tyubu inataja kadimiamu, metali yenye sumu, usinyooshe ncha ya brashi kwa midomo.

Kwa picha ya kwanza, chagua mandhari uliyokwisha kuichora kwa rangi zako za kawaida, kwa ukubwa mdogo. Umbo la vilima na mahali pa mto unavijua tayari, kwa hiyo ikiharibika utajua ni rangi.