Somo: Jinsi mzazi anavyoingia kwenye kamati ya shule

Kila muhula hapa Nairobi nawasikia wazazi wakinung'unika langoni: "Wameongeza pesa tena!" Nikiwauliza mkutano uliojadili pesa hizo ulikuwa lini, wananyamaza. Mimi nilikuwepo. Viti vingi vilikuwa vitupu. Somo hili ni la kukufikisha kikaoni kabla neno halijapita, maana likishapita utabaki kulipa.

Hatua ya 1. Jua kwamba wewe tayari ni mwanachama. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inasema kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa chama cha wazazi cha shule hiyo. Huombi nafasi, wala hulipi kiingilio.

Hatua ya 2. Jua nani anashauri na nani anaamua. Kamati ya chama ina mwakilishi wa kila darasa pamoja na walimu 2. Kazi yake ni kujadili na kupendekeza: michango, chakula, afya, nidhamu, maslahi ya watoto na walimu. Uamuzi ni wa bodi ya usimamizi, lakini mwenyekiti wa wazazi na wenzake 2 huingia katika bodi hiyo. Kwa hiyo neno lililoanzia darasani linaweza kufika juu, mradi liwe na mbebaji.

Hatua ya 3. Simama uchaguliwe na darasa. Uchaguzi hufanyika kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Usingoje siku hiyo ndipo ujitambulishe. Ongea na wazazi wenzako mapema.

Mwanangu alikuwa gredi ya 4 nilipochaguliwa. Kikao cha kwanza nilizungumzia sweta yake iliyopotea. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole, "Na darasa linasemaje?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimemuuliza mtu. Tangu siku hiyo, kabla ya kikao natuma ujumbe wa sauti kwenye grupu la WhatsApp, kisha Ijumaa nasimama langoni kuwasikiliza wasio na simu za intaneti. Wasiokuwa na simu ndio mara nyingi wanaoumizwa zaidi na michango.

Hatua ya 4. Zielewe pesa. Hapa ndipo wengi huogopa, na ndipo penye kazi kubwa. Kiwango cha serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ya umma ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Shule yenye watoto 800 ingepaswa kupata shilingi 1,136,000. Pesa hizo huja kwa mafungu na mara nyingi huchelewa, kwa hiyo usimrukie mwalimu mkuu kana kwamba amezikalia. Uliza kwa utaratibu: zimeingia ngapi, zimetumika wapi, pengo ni kiasi gani? Liandike swali lako, na uombe liingie kwenye kumbukumbu za mkutano.

Kwetu ilipendekezwa kila mzazi atoe shilingi 500 za madawati mapya. Tuliomba kwanza yahesabiwe. Tukazunguka madarasani na mwalimu mmoja, tukakuta 31 yamelegea miguu tu. Fundi wa jua kali akayalehemu palepale uwanjani, na mchango ukashuka hadi shilingi 150. Hatukugombana na mtu yeyote.

Hatua ya 5. Rudisha majibu darasani siku hiyohiyo, hata kama jibu ni "hapana".

Maswali ya wanachama

*Mama mboga, Kawangware: Mikutano yetu huwa Jumatano saa nne asubuhi. Nikifunga kibanda, watoto watakula nini?*
Pole, dada. Andikeni barua kwa mwalimu mkuu, mtie saini wengi, mpendekeze Jumamosi alasiri. Yetu ilikuwa na saini 17, na siku ikabadilishwa.

*Nyanya, Kariobangi: Nalea mjukuu wangu peke yangu. Nina haki ya kuchaguliwa?*
Unayo, nyanya yetu. Sheria inamhesabu mlezi kuwa mzazi. Na wanaolea wajukuu ni wengi; wanahitaji mtu wao kwenye kamati.

*Baba wa watoto 3, Kayole: Mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za mtihani. Ni halali?*
Shule ya umma hairuhusiwi kumzuia mtoto kusoma kwa kukosa tozo kama hizo. Tozo yenyewe inahitaji idhini ya Waziri, na mpokeaji lazima atoe risiti rasmi. Mrudishe mtoto darasani leo, ukamwone mwalimu mkuu pamoja na mwakilishi wa darasa. Mkikwama, andikieni bodi, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

*Mzazi, Umoja: Nikiuliza sana, hawatamwonea mtoto wangu?*
Hofu hiyo naijua, ndugu yangu, nilikuwa nayo. Usiende peke yako. Nendeni watatu, na swali liandikwe kwa jina la darasa. Malalamiko kuhusu mwalimu fulani yasisemwe mbele ya mkutano. Mwoneni kwanza ofisini. Na umuulize mwanao kila jioni siku yake ilikwendaje. Kama kuna kilichobadilika, yeye ndiye atakayekwambia.