Bomba la vumbi litokee magharibi, dirisha la mashariki liwe wazi

Wakuu mnaoranda mbao nyumbani hapa Dodoma, kama feni ya kunyonya vumbi inatupa hewa nje, toboa ukuta wa magharibi, mdomo wa bomba uangalie chini kwa elbo (kiungo cha bomba kilichopinda), halafu ukiwasha tu fungua dirisha la upande wa pili, maana feni haiwezi kutoa hewa kama hakuna nyingine inayoingia, ukijifungia inanyonya kinyonge na ule unga laini wa mninga unabaki unaelea mpaka puani. Upepo wetu mwingi unatoka mashariki kwa hiyo vumbi halirudi. Jirani akiwa karibu upande wa magharibi haifai, weka mfuko wa kuchuja. Na jiko la mkaa likiwaka karibu na dirisha usiwashe feni kabisa, ile hewa ya mkaa inavutwa ndani na inaua jamani.