Kumwandaa mtoto kwa sindano: anzeni kabla hamjapanda daladala

Nafanya kazi wodi ya watoto hapa Dar. Kinachoniuma kuliko kilio cha mtoto ni kumsikia mzazi kwenye benchi akisema, "Nyamaza, nesi atakuchoma!" Sindano ikishakuwa fimbo, mtoto anaingia chumbani kama anakwenda kuadhibiwa.

1. Mwambie ukweli. Mdogo wa miaka 3 au 4 mwambie asubuhi hiyo hiyo, kabla hamjapanda daladala. Ukimwambia siku tatu kabla atabaki na hofu tu. Usiseme "haiumi". Sema: "Utasikia kama umefinywa, halafu basi. Mama nitakuwa nimekupakata."

2. Chezeni kwanza. Omba bomba jipya lisilo na sindano. Mwanasesere hahitaji kununuliwa, khanga iliyoviringishwa inatosha. Binti mmoja wa miaka 4, aliyekuja kutolewa damu, alimfunga mtoto wake wa khanga mpira wa kubana mkono, akamfuta kwa pamba, akambembeleza: "Pole mwanangu, namaliza." Akarudia mara tatu. Zamu yake ilipofika alilia, ndiyo, lakini mkono aliunyoosha mwenyewe.

3. Mpakate. Tafadhali, tusiwalaze chali na kuwakandamiza. Hofu ya kubanwa hubaki hata maumivu yakiisha. Mkalishe mapajani, kifua kwa kifua, mkono wake mmoja upite chini ya kwapa lako ukukumbatie mgongoni, ule wa kuchomwa umshikie taratibu. Kichanga anayekuja chanjo za wiki 6, 10 na 14 mnyonyeshe kabla na wakati wa kuchomwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri hivyo mwaka 2015, kwa kuwa kunyonya hupunguza maumivu.

4. Mpe kazi. Mdogo apulize mapovu ya sabuni kwa mrija. Hakuna sabuni? Nyoosha kidole, kiwe mshumaa, apulize polepole mpaka "uzime". Wa shule namtegea.

"Kitendawili!"
"Tega!"
"Nyumba yangu haina mlango."

Akiwa bado analitafuta yai, pamba imeshawekwa.

Mwachie achague pia: mkono wa kulia au wa kushoto? Ila usimuulize "Tuchome?" Akikataa, utakuwa umemdanganya kwamba ana uamuzi.

5. Baada ya hapo. Akilia, mwache alie. Usimwambie "si umeona haijauma", maana imeuma. Mtajie alichofanya: "Ulipuliza mpaka mwisho." Na lile bomba la mchezo aende nalo nyumbani, jioni atataka kumtibu kila mtu.