Folda nzima, si faili moja: ninavyotunza kazi za studio

Mwaka 2017 madrasa moja ya hapa Tanga ilinipa kazi ya kaswida saba. Msomaji wao alikuwa mtoto wa miaka 12, sauti nyembamba, safi, ya aina ambayo fundi mitambo anaiacha ipite bila kuigusa. Tukarekodi zote saba kwa siku mbili, treki tisa kila moja: msomaji, waitikiaji kwa maiki nne, madufu kwa maiki nne. Nikamiksi mbili. Tano zikabaki zinasubiri pesa, na pesa nazo zikasubiriwa.

Baada ya miezi 14 ustadhi akarudi na fedha mkononi, anataka kazi yote iishe kabla ya Mfungo Sita, maulidi yasimkute. Diski ya kompyuta yangu ya zamani ilikuwa imeshakufa, lakini sikushtuka, nina bekapu kwenye flashi. Nikaichomeka, nikafungua mradi, programu ikaanza kuniorodheshea: faili haipatikani, faili haipatikani, mpaka chini ya skrini. Nilichokuwa nimekopi ni faili ya mradi peke yake, ya megabaiti tatu. Sauti zenyewe zilikwenda na diski.

Madufu tulipiga upya. Waitikiaji wakaitikia upya. Mtoto alipofungua kinywa ikatoka sauti ya baba yake.

Basi tuanzie hapo nilipoangukia. Faili ya mradi, iwe ya Cubase, Reaper au FL Studio, zile programu tunazorekodia na kumiksia, haina sauti ndani yake. Ni kama daftari la kamati ya harusi: limeandikwa nani kaleta nini na kimewekwa wapi, lakini wali uko jikoni. Daftari hilo linasema "sauti ya msomaji iko kwenye folda fulani, ianze sekunde ya nne, ipunguzwe kidogo". Folda ikipotea, unabaki na daftari. Tena mara nyingi vitu havikai folda moja. Biti uliitoa kwenye Downloads, kelele za makofi ziko Desktop, treki moja ya gitaa uliiburuta moja kwa moja kutoka kwenye flashi ya mteja, na mteja kaondoka na flashi yake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kabla hujafikiria kununua diski yoyote ni kukusanya. Kwenye Cubase, ingia menyu ya File, chagua Back up Project, ipe folda tupu. Itakuuliza maswali kadhaa. Lile la Minimize Audio Files mimi siliweki alama, kwa sababu linakata sauti na kubakiza vipande ulivyotumia tu, na kile usichokitumia leo ndicho utakachokitafuta mwakani. Kwenye Reaper, chagua Save project as, halafu weka alama pale pa kukopi faili zote za sauti kwenye folda ya mradi. FL Studio inayo Zipped loop package kwenye Export, inakufungia mradi na sampuli zake pamoja. Vijana wengi wa biti ninaowajua hawajawahi kuibonyeza.

Hatua ya pili ndiyo iliyonigharimu kuijua, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: jaribu nakala, na uijaribu kwa njia isiyokudanganya. Ukifungua nakala kwenye kompyuta ileile uliyorekodia, programu inaweza kukumbuka anwani ya zamani na kwenda kuchukua sauti kwenye folda ya awali kimyakimya. Utasikia kila kitu kinalia, utaridhika, na nakala yako ni tupu. Mimi kwanza hubadilisha jina la folda ya awali, naiita jina lolote, hata "xxx". Hapo programu haina pa kukimbilia. Kisha nafungua mradi kutoka kwenye diski ya nakala. Ukilia wote, treki kwa treki, ni nakala. Usipolia, bado sijafuta kitu, narudi kukusanya. Ukiwa na kompyuta ya pili ni bora zaidi; mimi naazima laptopu ya binti yangu, ambayo haina plagini hata moja, yaani vile viprogramu vya nyongeza vya kupambia sauti, na hilo nitalirudia.

Sasa hesabu, maana watu hununua diski kwa kukisia. Treki moja ya kilohezi 48 na biti 24 (hivi ni vipimo vya ubora wa sauti, si biti ya mdundo) inakula karibu megabaiti 8.6 kwa dakika. Kikundi cha taarabu kikinijia na treki 16 wakapiga saa nzima, hiyo ni gigabaiti 8 na ushee, kabla hujarudia wimbo hata mmoja. Kwa kazi zangu terabaiti mbili zinanitosha mwaka na kidogo. Wewe piga zako.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ya tatu-mbili-moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyingine. Kwangu inakuwa hivi. Ya kwanza ni ya kazi, iko kwenye kompyuta. Ya pili ni diski ya nje, eksteno tunavyoiita, inakaa studio lakini haichomekwi ila wakati wa kukopi. Ya tatu iko kwa dada yangu Muheza, nabadilishana naye diski kila ninapokwenda. Sababu ya Muheza si mapenzi tu. Mwizi akiingia studio haachi eksteno kwa huruma, anabeba na mfuko. Na moto hauchagui mkubwa wala mdogo: Juni 2008 uliunguza ghala la Universal kule Hollywood, na kanda za masta, yaani rekodi za asili, za wanamuziki wakubwa zikaenda na moshi.

Kwa nini eksteno haichomekwi muda wote? Virusi. Wateja wetu wanakuja na flashi zilizopita kila stesheni ya kuchapishia, na ile virusi ya kugeuza folda zote kuwa shotikati bado haijafa. Hiyo ina nafuu, faili huwa zimefichwa tu. Ile inayofunga faili kwa nywila na kudai fedha haina nafuu, nayo inashika kila diski inayoiona imechomekwa. Isiyochomekwa haiioni. Flashi ya mteja kwangu inaingia kwanza kwenye laptopu ya zamani ya pembeni, inasafishwa, ndipo biti inavuka.

Kuhusu flashi zenyewe. Ukiona flashi ya terabaiti moja inauzwa kwa bei ya chipsi kuku, hiyo ni feki, na ufeki wake ni wa hatari: kompyuta inaonyesha terabaiti moja, ndani mna gigabaiti 32. Unakopi, inakubali, inakuandikia imemaliza, na majina ya faili unayaona. Vilivyozidi vimeandikwa juu ya vingine au havipo kabisa. Kabla sijaiamini flashi au kadi yoyote mpya naipitisha kwenye H2testw, programu ndogo ya bure ya Windows inayojaza chombo kizima kisha inasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Kwenye Mac na Linux ipo F3. Inachukua saa kadhaa, iache ifanye wakati wa kulala. Na hata flashi nzuri si mahali pa kutunzia, ni ya kubebea.

Diski ya kuzunguka au SSD, ile isiyo na kinachozunguka ndani? SSD ina kasi, haiogopi kuanguka, ifanyie kazi. Lakini ya kuweka kabatini miaka bila kuwashwa, mimi nachagua ya kuzunguka, kwa sababu SSD inashika data kwa chaji ya umeme na chaji hiyo huvuja polepole chombo kikikaa bila moto. Ya kuzunguka nayo iwashwe walau mara mbili kwa mwaka. Ikianza kulia tik, tik, tik, usiiwashe tena kuangalia kama imepona. Kila kuiwasha ni kuikwangua. Ukiformati mpya, chagua mpangilio wa exFAT, utasomeka Windows na Mac.

Wa pwani tuna adui mwingine, unyevu wa chumvi. Nyumba yangu iko Ngamiani, bahari siioni, lakini misumari ya mlango inaiona. Diski zangu zinakaa kwenye hotipoti ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Naviomba kwa wauza viatu, wananipa bure na kunishangaa. Ukiitoa diski, iache dakika 20 izoee joto la chumba kabla hujaichomeka, hasa kama studio ina kiyoyozi.

Mtandaoni? Ndiyo, lakini kwa akili. Zile gigabaiti 8 na ushee za taarabu, yaani 8.3, kwa kasi ya megabiti tano kwa sekunde ni karibu saa tatu na dakika 40, kama intaneti haitetereki, na inatetereka. Google Drive ya bure ina gigabaiti 15 tu, na barua pepe zako zimo humohumo. Mimi napandisha usiku, na sipandishi mradi mzima bali treki zilizonyooshwa (nazieleza hapo chini), kwa FLAC, aina ya faili ambayo inabana sauti hadi karibu nusu bila kupoteza chochote. MP3 usiithubutu kwa hili. Na usichanganye kusawazisha na kutunza: folda inayojisawazisha, ukifuta huku, kule nako inafuta. Wala mtandao usiwe pekee. Mwaka 2019 MySpace walitangaza kwamba nyimbo zilizopandishwa kwao kwa zaidi ya miaka kumi zimepotea wakati wa kuhamisha seva, na wapo wasanii ambao nakala yao ilikuwa ileile tu.

Treki zilizonyooshwa ndizo dawa ya ile laptopu ya binti yangu. Kila kazi ikiisha natoa kila treki kama faili ya WAV inayoanzia mwanzo kabisa wa wimbo, sifuri, hata kama mwimbaji anaingia dakika ya pili. Mara moja kavu, kama ilivyotoka kwenye maiki, mara moja na mapambo yake ya plagini. Ukizipanga kwenye programu yoyote duniani, zinakaa sawa. Plagini uliyomiksia leo huenda mwaka 2032 isiwepo, na hata programu yenyewe. Ndani ya folda naweka na karatasi ya maandishi matupu: kasi ya wimbo, ufunguo, kilohezi, nani kaimba, maiki gani, nani analipa na amebakisha kiasi gani. Jina la folda huanza na mwaka, mwezi, siku: 2024-09-14, kisha kikundi, kisha wimbo. Zinajipanga zenyewe. Neno "mwisho" nimelipiga marufuku baada ya kukuta "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho huu sasa", na sahihi ilikuwa ya kwanza.

Ukirekodi nje, harusini au kanisani, kwa kinasa chenye memori kadi, kadi haifutwi mpaka kazi iwe mahali pawili na pote pawili umesikiliza. Naigeuza uso chini kwenye kasha lake, ishara yangu kwamba imejaa.

Mwisho ni makabidhiano. Sasa bei yangu ina diski ya mteja ndani yake, hata akilalamika. Naifungua mbele yao kwenye kompyuta yao, nawachezea treki moja kavu, wanatia saini kwenye daftari. Ya madrasa ile iko kwenye kabati la ofisi yao, ndani ya kopo la biskuti. Msomaji wao wa sasa ana miaka 11.