Kupima asidi za mafuta za Nannochloropsis katika kila hatua ya ukuaji

Mwanafunzi niliyekuwa nikimsaidia anakuza mwani huu wa hadubini ili alishe rotifa (vijidudu vidogo vya majini), nao rotifa wawe chakula cha vifaranga vya samaki. Alitaka kujua avune lini apate EPA nyingi, yaani asidi ya mafuta ya omega-3. Huu ndio utaratibu tuliofuata.

1. Andaa chupa tatu za maji ya bahari yaliyochujwa na kutakaswa, yenye virutubisho vya f/2 (mchanganyiko maalumu wa kukuzia mwani), uweke mwani humo.

2. Hesabu seli kila siku, saa ileile, kisha chora idadi kwa kipimo cha logi. Mstari ukipanda umenyooka, mwani unakua kwa kasi. Ukilala, umefika ukomo. Chukua sampuli kwa kufuata mstari huo, si kalenda. Rangi ya chupa usiitegemee kamwe.

3. Vuna. Hapa usiwe na haraka, maana kazi nyingi huharibikia hapa. Tumia vichujio vya nyuzi za kioo vilivyochomwa kwa 450 °C na kupimwa uzito. Siku za mwanzo mwani ni mwepesi, kwa hiyo chuja maji mengi zaidi, na andika ujazo kila mara. Kisha ondoa chumvi: ikibaki huongeza uzito mkavu, na mafuta yataonekana machache kuliko yalivyo. Usisuuze kwa maji ya bomba wala yaliyotoneshwa. Ukija kupima mwani mwingine kama Isochrysis, usio na ukuta mgumu wa seli, seli zitapasuka na mafuta yatapita na maji. Mimi nasuuza kwa myeyusho wa chumvi ya amoniamu fometi wa 0.5 M (nusu moli kwa lita), kwa sababu hupotea yote wakati wa kukausha kwa baridi. Halafu gandisha papo hapo kwa naitrojeni ya maji na uhifadhi kwenye −80 °C. Friza ya kawaida haitoshi: vimeng'enya vya seli huendelea kuvunja mafuta humo.

4. Weka C19:0 (asidi ya mafuta yenye kaboni 19, ya kulinganishia vipimo) ya kiasi unachokijua kabla ya kitu kingine chochote. Geuza mafuta kuwa metili esta, umbo linalopimika kwa gesi, moja kwa moja kwa methanoli yenye asidi. Kwa sampuli ndogo naipenda njia hii kuliko ya Bligh na Dyer ya 1959, ya kutoa mafuta kwanza kwa viyeyusho, kwani huhamishi kitu kutoka chombo hadi chombo. Pitisha kwenye kromatografia ya gesi, inayotenganisha na kupima kila asidi ya mafuta.

5. Andika matokeo kwa asilimia na pia kwa miligramu kwa gramu ya uzito mkavu. Naitreti ikiisha, seli huacha kugawanyika lakini huendelea kupokea mwanga, na kaboni huenda kwenye mafuta ya akiba, hasa 16:0 na 16:1 (asidi za mafuta zenye kaboni 16; namba ya pili ni idadi ya vifungo viwili). EPA nyingi hukaa kwenye tando za kloroplasti, hivyo asilimia yake hushuka huku mafuta yote yakipanda. Kwa rotifa, vuna mstari unapoanza kulala, kabla haujalala kabisa.