Cheo cha Begani cha Ofisa wa Prussia: Anza na Nyuzi

Hapa Kampala mtu akiniletea cheo cha begani cha Kijerumani, siulizi bei kwanza. Nakipeleka dirishani nihesabu rangi za nyuzi. Kamba ya fedha yenye madoa meusi pekee ni ya Prussia, ufalme mkubwa wa Ujerumani ya zamani. Falme nyingine za huko zilikuwa na rangi zao: madoa ya buluu ni Bavaria, ya kijani Saxony. Ukiona meusi pamoja na mekundu, tulia: huenda ni Württemberg, nao ufalme wa huko, au jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, lile ambalo babu yangu alipigana nalo mpakani Kagera.

Kisha tazama msuko. Kamba zilizonyooka sambamba ni za luteni na kapteni: bila nyota ni luteni, nyota moja ni luteni wa juu, mbili ni kapteni. Zikisukwa kama nywele, umefika kwa meja, naye hana nyota. Kanali ana mbili.

Umri nao? Kamba za kijivu zisizong'aa zilianza kwa amri ya mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Zinazong'aa mara nyingi ni za kabla ya hapo, ila sare za sherehe ziliendelea kuvaliwa, kwa hiyo usikimbilie kukata shauri.

Mwisho, omba taa ya kukagua noti bandia kwa mbadilisha fedha. Uzi ukiwaka weupe wa buluu, hiyo ni kazi ya baada ya Vita vya Pili. Kimoja nilichokipenda sana kiliwaka hivyo, nami nikakirudisha siku ileile.