Kupiga picha ngalawa na taswira yake majini, Bagamoyo

Wahi ufukweni upande wa soko la samaki saa 12 asubuhi, upepo bado haujaanza, na maji yawe yamekupwa maana kwenye vile vidimbwi vinavyobaki mchangani ndo ngalawa inatokea kama kwenye kioo. Chuchumaa kabisa, kamera karibu iguse maji, ukisimama wima taswira inakatika. Fokasi weka kwenye ngalawa yenyewe, sio povu linaloelea, alafu shusha mwanga kwenye kamera (kile kipimo cha + na -) mpaka -1 hivi anga lisiungue likawa jeupe tupu. Kamera ndogo ya kununua? Megapikseli zisikudanganye, uliza sensa (kile kipande ndani kinachonasa mwanga), ya inchi 1 inatosha sana, zumu iwe ya lenzi, ile ya dijitali inaharibu tu picha. Ukimaliza ifute kamera kwa kitambaa chenye unyevu, chumvi inakula vitufe.